Sahani ya Ukutani na Sahani ya Mezani

Karibu kila nyumba hapa Gisenyi ina sahani zilizobaki bila wenzake. Moja ni ya mwisho kwenye seti ya sita iliyoletwa harusini, nyingine imerithiwa kwa bibi, ya tatu ni ya bati, imebanduka ukingoni na kutu imeanza kuingia. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22, ardhi iliendelea kutetemeka kwa siku kadhaa. Kuta za wilaya yetu ya Rubavu zilipasuka na vyombo vikaanguka kutoka makabatini. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika. Mvua ya usiku ule iliua watu zaidi ya 120 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na waliosalimika wakabaki kuokota masufuria na sahani kwenye matope. Chombo kilichotoka salama katika misukosuko hiyo si cha kutupwa kwa sababu tu kimebaki peke yake.

Kinaweza kupambwa. Kazi hii haihitaji tanuri la mfinyanzi wala cheti cha shule. Inahitaji meza tulivu, brashi mbili tatu, vitu vinavyopatikana soko la Gisenyi au Mbugangari na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na subira. Inahitaji pia uamuzi mmoja unaotangulia yote, na ndio nitakaoanza nao kwa sababu watu wengi wanauacha mpaka rangi imeshakauka: sahani hii itapakuliwa chakula, au itatundikwa?

Amua kabla ya kununua rangi

Ule mng'aro wa sahani ya kauri ni kioo hasa, madini yaliyoyeyushwa juu ya udongo katika tanuri lenye joto la nyuzi elfu moja na zaidi. Sahani ya bati nayo ni chuma kilichovikwa kioo, kwa joto la nyuzi 800 hivi. Maua unayoyaona kwenye sahani ya dukani yalichomwa humo tanurini, ndiyo maana unayasugua kwa miaka na hayatoki. Rangi utakayopaka wewe nyumbani haina pa kuingilia. Inakaa juu ya kioo, basi. Uma unaikwaruza, maji ya moto yanailegeza, ndimu na nyanya zinaila, na kile kinachobanduka kinaingia kwenye chakula.

Makopo mengi yameandikwa kwamba rangi iliyomo haina sumu. Maneno hayo yanahusu mpakaji: kwamba haitakudhuru ukiitumia inavyopaswa na ikikugusa vidole. Hayasemi kwamba mtoto anaweza kulia wali juu yake kila siku. Rangi ya mafuta ya milango na mageti, rangi ya kupuliza, rangi ya kucha, vanishi ya mbao, zote ni za sahani ya ukutani, na hapo sina nafasi ya kujadiliana na mtu. Mama mmoja jirani, akiwa ameshika sahani aliyoimaliza mwenyewe kwa rangi nyekundu na nyeusi, aliniuliza, "Hii si ningewapakulia wageni sambaza?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Sambaza zina mafuta na wewe utazikamulia ndimu. Itundike sebuleni, wageni wataiona wakiwa wanakula kwenye nyingine." Aliitundika, na imependeza kuliko ambavyo ingependeza ikiwa chini ya samaki.

Sahani ya mezani inawezekana pia, kwa masharti. Pamba upande usiogusa chakula: mgongo wa sahani ya kioo kinachoonyesha, au ubavu wa nje wa bakuli, ukiacha vidole viwili kutoka mdomoni. Kisha ioshe kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu, bila kuiloweka. Sahani iliyopambwa hivyo ni ya biskuti, ndizi, maembe na karanga za kubangua. Mchuzi utafutiwe chombo kingine.

Kuna sahani ambazo zilikwisha kuhukumiwa kabla hujafika. Kauri yenye mipasuko myembamba kama nywele huhifadhi uchafu usiofikiwa na sabuni. Bati iliyobanduka huendelea kudondosha vipande vya kioo. Vyombo vya zamani sana, hasa vyenye nyekundu, chungwa na njano kali, vinaweza kuwa na risasi au kadimiamu ndani ya rangi yake. Zote hizo zipeleke ukutani bila huruma, na zile zenye rangi kali usizipige msasa, kwa sababu vumbi lake ndilo baya kuliko sahani yenyewe.

Sahani za plastiki ngumu, zile za melamini, ningezikwepa. Rangi haizipendi, na kuzitia kwenye oveni ni hatari kwa sababu joto kali huitoa kemikali iliyofungwa ndani yake. Kama ndizo ulizo nazo, zikwaruze kidogo, zipake, zitundike.

Usafi ndio nusu ya kazi

Rangi inapobanduka baada ya mwezi, watu hulaumu duka. Mara nyingi kosa ni mafuta. Sahani iliyopakuliwa chakula miaka kumi ina utando wa mafuta usioonekana, na vidole vyako vinaongeza mwingine kila unapoigusa.

Ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Madoa ya chai yaondoe kwa soda ya kuokea iliyolowanishwa kidogo, ukisugua kwa kitambaa. Kutu ya sahani ya bati iwekee siki kwa saa chache, isugue kwa msasa laini mpaka uone chuma kinang'aa, suuza, kisha ikaushe papo hapo juani au karibu na jiko, kwa maana chuma kilicho wazi hushika kutu upya kwa haraka. Mahali hapo palipobaki chuma kitupu panahitaji rangi ya kuzuia kutu, ile ya kahawia-nyekundu wanayoipaka mafundi wa mageti, kabla ya rangi nyingine yoyote.

Sasa ipime. Mimina maji safi juu ya sahani na uitazame ikiwa imeinama kidogo. Maji yakitandaa yote sawasawa, kioo ni safi. Yakijikusanya matone matone na kuacha visiwa vikavu, mafuta bado yapo. Rudi kwenye sabuni. Ikishafaulu, ikaushe, ipanguse kwa spiriti ya hospitali kwenye pamba, na kuanzia hapo ishike kwa kingo tu.

Kwa sahani ya ukutani nyeupe, isiyo na rangi kali, msasa namba 400 ukiwa umeloweshwa maji husaidia sana. Usugue mpaka mng'aro upungue. Maji huzuia vumbi kuruka. Hata hivyo funga barakoa, kisha osha sahani na meza. Mikwaruzo hiyo midogo ndiyo rangi itakayoshikamana nayo.

Kuchora bila kubahatisha

Mviringo humshinda mtu anayeanza kuchora kwa macho. Upande mmoja unakuwa mpana, mwingine mwembamba, na ukishaliona kosa hilo huwezi kuacha kuliona. Kwa hiyo anzia kwenye karatasi. Ifunike sahani juu ya gazeti, zungusha penseli, kata duara. Likunje katikati, kisha katikati tena: mikunjo inapokutana ndipo kitovu kilipo. Ukitaka sehemu nane, kunja mara moja zaidi. Ukitaka sita, kunja katikati mara moja tu, halafu ile nusu ikunje katika sehemu tatu za upana sawa. Au tumia bikari ya mtoto wa shule: ifungue kiasi cha nusu ya upana wa duara, anzia popote ukingoni, piga hatua kwa kipimo kilekile, na hatua ya sita itakurudisha ulipoanzia.

Mchoro gani? Hapa Rwanda hatuna haja ya kwenda mbali. Sanaa ya imigongo inatoka upande wa pili wa nchi, Gisaka ya zamani, na leo inafahamika zaidi kwa wanawake wa Nyakarambi, wilayani Kirehe. Masimulizi yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanza kuipamba nyumba yake kwa namna hiyo. Wenyewe huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wakainua matuta juu ya ubao kwa vidole, wakaacha yakauke, wakayalainisha, kisha wakapaka rangi za ardhi: nyeupe ya udongo mweupe, nyekundu ya udongo mwekundu, na nyeusi. Mistari ya pembe, almasi, misumeno na mizunguko ya imigongo inakaa vizuri kwenye mviringo uliogawanywa sita au nane, kwa sababu yenyewe imejengwa kwa marudio.

Nina ombi moja kwa anayechukua mtindo huo. Jizuie kwenye rangi mbili au tatu. Nguvu ya imigongo iko kwenye nafasi kati ya mstari na mstari, na mtu akijaza kijani, bluu, zambarau na dhahabu kwenye sahani moja jicho halijui litue wapi. Kama sahani yako ni nyeupe, una bahati: acha weupe wake ufanye kazi ya rangi ya tatu. Hakuna rangi nyeupe ya kopo itakayofikia weupe wa kauri.

Wengine watapenda kuchora ziwa, mitumbwi mitatu ya wavuvi iliyofungwa pamoja kama inavyoingia ziwa Kivu jioni kutafuta sambaza, au Nyiragongo na moshi wake. Sawa kabisa. Ila katika sahani yenye upana wa kiganja na nusu, mitumbwi iliyochorwa kwa mistari mitano inaeleweka kuliko ile yenye kila uzi wa wavu. Shule ya sanaa ya Nyundo, iliyopo tangu miaka ya 1950, iko karibu nasi. Ukipata nafasi ya kuona kazi za wanafunzi wake, tazama wanavyoacha vitu bila kuvichora.

Kuhamisha mchoro kutoka kwenye karatasi hadi kwenye sahani, tumia mkaa wa jikoni. Paka unga wa mkaa mgongoni mwa karatasi, ipulize ili wa ziada utoke, ibandike kwenye sahani kwa utepe wa karatasi, kisha fuata mistari yako kwa kalamu isiyoandika. Mstari mwembamba wa kijivu utabaki. Rangi itaufunika.

Kupaka

Kwa kauri na kioo, rangi ya akriliki ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza: inayeyuka kwa maji, haina harufu kali, kosa linafutika likiwa bichi. Kwa bati, rangi ya mafuta inashika vizuri zaidi, lakini ifanyie kazi nje au madirisha yakiwa wazi, watoto wakiwa mbali, na brashi uzioshe kwa tapentaini.

Kanuni ya zote ni moja: nyembamba, mara mbili au tatu. Tabaka nene linakauka juu na kubaki bichi ndani, kisha linajikunja. Chovya ncha ya brashi tu, ifute ukingoni mwa kopo, vuta mstari kwa mkono uliolazwa juu ya kitu, kitabu kwa mfano, ili usitetemeke. Anza na rangi iliyofifia, umalize na nyeusi, kwa sababu nyeusi ndiyo inayosafisha mipaka ya zote na kuficha mahali ulipoteleza. Kwa mistari iliyonyooka bandika utepe wa karatasi pande zote mbili, usugue kingo zake kwa ukucha, paka, na uubandue rangi ikiwa haijakauka kabisa. Ukingoja mpaka kesho utang'oka na rangi. Nukta zipige kwa mkia wa brashi au kijiti cha kiberiti. Mkono ukiteleza, kijiti cha pamba cha masikio chenye tone la spiriti kinaondoa kosa bila kugusa la jirani.

Suala la kukausha linatutaabisha sisi wa kando ya ziwa kuliko watu wa Kigali. Kivu iko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari. Usiku wetu ni wa baridi na unyevu, na kati ya Machi na Mei na tena kuanzia Septemba mpaka Desemba mvua hazikuachi. Juni, Julai na Agosti rangi hukauka upesi, ila vumbi ni jingi. Kipindi chochote kile, fanya hivi: iweke sahani ndani ya nyumba juu ya vipande vitatu vya mbao, na uifunike kwa beseni lililoinuliwa kidogo upande mmoja ili hewa ipite na vumbi lisitue. Usiikaushe karibu na jiko la mkaa, maana majivu yatatua juu yake yote. Akriliki itakuwa kavu kwa kuguswa baada ya saa moja au mbili, lakini ipe wiki nzima kabla ya vanishi. Rangi ya mafuta ipe wiki mbili, na wakati wa masika, tatu. Ukipitisha ukucha mahali pasipoonekana na ukaacha alama, bado.

Wenye oveni ya gesi au umeme wanaweza kutafuta rangi au kalamu maalumu za kauri, zinazokomazwa kwa joto. Soma kopo, kwa maana kila kampuni ina kipimo chake. Nyingi zinataka nyuzi 150 au 160 kwa nusu saa na zaidi kidogo. Sahani huingia oveni ikiwa baridi, joto likapanda nayo, na ikabaki humo mpaka ipoe, la sivyo hupasuka. Ukishamaliza, rangi inastahimili kuoshwa, lakini bado haijawa kioo, na masharti ya chakula niliyotaja yanabaki palepale. Usijaribu kufanya hivyo juu ya jiko la mkaa, ambalo huchoma sehemu moja na kuacha nyingine baridi. Na tanuri la mikate lina joto kupita kiasi kwa rangi hizi.

Ukitaka matuta ya imigongo yenyewe, yaani mchoro unaouhisi kwa kidole, tengeneza uji mzito: gundi nyeupe ya maseremala na unga wa mbao uliochujwa kwa chujio la chai, mpaka uwe mzito wa kusimama. Samadi halisi inashika ubao vizuri lakini kwenye kioo hubanduka, kwa hiyo kwa sahani mimi napendelea gundi. Paka kwanza tabaka la rangi juu ya sahani iliyopigwa msasa. Tia uji kwenye mfuko mdogo wa karatasi ngumu uliokunjwa pembe, kata ncha, kamua ukifuata mistari. Tuta lisizidi unene wa penseli. Likipasuka linapokauka, jaza ufa kwa uji mwepesi zaidi. Likikauka kabisa, lilainishe kwa msasa, ondoa vumbi kwa brashi, ndipo upake nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kazi hii inachukua siku nyingi kwa sababu ya kungoja, lakini sahani iliyotoka hapo, jua la jioni likiipiga kwa ubavu na kila tuta likatupa kivuli chake, inashinda picha yoyote ya dukani ninayoijua.

Kitenge chini ya kioo

Hii ndiyo njia ninayowapendekezea wanaosema hawajui kuchora, na ndiyo inayokupa sahani ya kupakulia matunda. Unahitaji sahani ya kioo kinachoonyesha, kipande cha kitenge na gundi nyeupe. Mafundi cherehani wa sokoni hubakiwa na vipande vingi. Omba, wengi watakupa.

Fua kitenge kwanza ili nta na wanga vitoke, kikaushe, kipige pasi. Kilaze mezani uso ukitazama juu, weka sahani juu yake, isogeze mpaka ua au ndege unayemtaka aketi katikati. Kata duara kubwa kuliko sahani kwa upana wa kidole. Geuza sahani, paka mgongo wake gundi iliyopunguzwa kwa maji kidogo, kisha bandika kitenge uso wake ukielekea kioo. Anzia katikati, sukuma hewa kuelekea nje kwa kidole gumba au kadi ngumu ya simu. Geuza utazame kwa mbele kila mara, kwa sababu kipovu cha hewa kinaonekana kama doa la fedha na kikishakauka hakitoki. Kwenye mzingo wa sahani kitenge kitataka kujikunja. Kikate mikato midogo kutoka ukingoni na uipandishe mmoja juu ya mwingine kidogo.

Gundi ikiwa bichi ni nyeupe na utaogopa kwamba umeharibu. Subiri, ikikauka inakuwa angavu. Kisha paka gundi nyingine juu ya kitambaa mara mbili, acha ikauke siku mbili, punguza kitambaa cha ziada kwa wembe, na umalize kwa vanishi upande huo wa nyuma. Uso wa juu unabaki kioo kitupu, safi, unaogusana na tunda bila kizuizi. Usiitumbukize majini, ipanguse.

Karatasi nyembamba za zawadi, kadi za harusi na kurasa za kalenda hufanya kazi pia, ila wino wa baadhi ya mashine za ofisini huchuruzika ukilowa. Jaribu kipande kidogo kwanza.

Iliyovunjika nayo ina kazi

Vipande vya kauri haviozi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, mtu anayesafisha mtaro bila glavu anaweza kukatwa na kipande kilichotupwa miaka mingi iliyopita. Afadhali vikae kwenye saruji.

Watu wa pwani walilijua hili zamani. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini mwa Malindi, makaburi ya mawe yalipachikwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, zikazama kwenye chokaa nyuso zake zikitazama nje. Nyingi zimeng'olewa na wezi, na leo matundu ya duara ndiyo yanayoonyesha zilipokuwa. Katika nyumba za mawe za Lamu, ukuta wa zidaka ulichongwa vishubaka vya kuwekea vyombo kama hivyo. Kwa hiyo anayetundika sahani ukutani Gisenyi anafanya jambo lenye historia ndefu Afrika Mashariki, tena mbali kuliko anavyodhani.

Kwa matumizi ya nyumbani, chungu cha maua ndicho kianzio kizuri. Funga vipande ndani ya gunia au kitambaa kizito, uvipige kwa nyundo mpaka viwe vya ukubwa wa kidole gumba, ukiwa umevaa miwani na viatu vilivyofunika miguu. Changanya saruji sehemu moja na mchanga uliochekechwa sehemu tatu, maji kidogo, mpaka mchanganyiko huo ushike kwenye mwiko bila kudondoka. Lowesha chungu, paka unene wa nusu kidole kwenye eneo dogo, bandika vipande ukiacha nafasi ndogo kati yao, endelea. Kesho yake jaza nafasi kwa saruji laini, na kabla haijakauka kabisa futa nyuso za vipande kwa sponji yenye unyevu. Pitisha kiganja juu ya vipande, kwanza kikiwa kimefunikwa kwa gunia, kisha kikiwa kitupu: ncha yoyote inayokwaruza isuguliwe kwa jiwe. Mawe ya volkano tunayojengea hapa, yale meusi yenye matundu, yanafanya kazi hiyo barabara, na ukitaka chungu chenyewe kiwe cha jiwe hilo, saruji inalishika vizuri.

Kutundika katika mji unaotetemeka

Ushauri mwingi ulioandikwa kwa watu wa nchi nyingine hauzungumzii jambo hili, na kwetu ni la lazima. Ardhi ya Rubavu hutetemeka. Sahani ya kauri inayoanguka kutoka urefu wa mita mbili inaweza kumpasua mtu kichwa. Kwa hiyo usitundike chochote juu ya kitanda, juu ya kochi analolalia mtoto, wala juu ya mlango ambao ndio njia yenu ya kukimbilia nje.

Ukuta wa matofali ya kuchoma au bloku utobolewe, utiwe plagi ya plastiki na skrubu. Msumari uliogongwa tu kwenye plasta hulegea. Ukuta wa matofali ya udongo mbichi haushiki skrubu. Hapo tundika ubao mrefu uliofungwa kwenye nguzo au boriti, na sahani zikae kwenye ubao. Ukuta wenye ufa wa 2021 ambao haujazibwa uuache kabisa.

Kamba iliyobandikwa kwa gundi mgongoni mwa sahani siiamini. Waya ndiyo njia: chukua waya laini wa kufungia nondo, tengeneza ndoano nne ndogo zinazoshika ukingo wa sahani, mbili juu na mbili chini, ziunganishe nyuma kwa waya mmoja uliokazwa, na uache kitanzi. Funika sehemu ya ndoano inayogusa kauri kwa kipande cha mrija wa plastiki ili isikwaruze. Kisha shika kitanzi, itikise sahani kwa nguvu juu ya godoro. Ikibaki, itundike, na chini yake bandika donge dogo la gundi ya mpira ili isiruke ukutani siku ya tetemeko. Sahani za bati hapa zinashinda zote: nyepesi, hazivunjiki, na zikiwa saba au nane ukutani zinajaza sebule kwa gharama ndogo.

Kama unafikiria kuuza

Gisenyi inapokea wageni wa ziwa, na zawadi nyingi wanazouziwa zinatoka wilaya nyingine. Kuna nafasi. Anza na visosi na sahani ndogo, kwa sababu msafiri anafikiria begi lake, na kauri kubwa ni nzito tena huvunjika njiani. Bati ina faida hapo pia. Hesabu bei kwa gharama ya rangi, vanishi na saa zako za kazi; wanaoanza huacha saa zao nje ya hesabu, na baada ya msimu mmoja wanachoka.

Ukiuza imigongo ya sahani, mwambie mteja asili yake, kwamba ni ya Gisaka na kwamba wewe umeichukua na kuiweka kwenye chombo. Wanawake wa Nyakarambi wanaishi kwa kazi hiyo, na kuwataja ni haki yao.

Na kila sahani ya ukutani inayotoka mkononi mwako, iwe ya kuuza, ya kumpa shangazi au ya kubaki nyumbani, igeuze kabla hujaiachilia. Andika mgongoni kwa kalamu isiyofutika: "Pambo. Si ya chakula." Weka mwaka, pitisha vanishi juu ya maandishi. Miaka kumi ijayo sahani hiyo itakuwa kwenye nyumba ya mtu asiyekujua, na huenda akaitafutia kazi mezani. Tafadhali usiruke hatua hiyo.